Jongoo Bapa si Tandu: Mtambue Kabla ya Kumuua

Mvua za masika zinapoanza, wakazi wa milima ya Taita hukutana na mdudu bapa mwenye miguu mingi akitambaa barazani au kwenye majani yaliyooza chini ya migomba. Wengi humponda papo hapo wakidhani ni tandu. Mara nyingi huwa ni jongoo bapa, jamaa ya jongoo wa mviringo anayejulikana na kila mtoto.

Njia rahisi ya kuwatofautisha ni kutazama miguu, bila kumshika mdudu. Tandu ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili, hukimbia kasi na huuma kwa sumu. Jongoo bapa ana jozi mbili kwenye pingili nyingi, hutembea taratibu na hana meno ya sumu. Ubapa wake unatokana na kingo zilizochomoza pembeni mwa kila pingili. Hana macho kabisa. Hupapasa njia kwa vipapasio.

Mtoto wa jongoo huyu huanguliwa akiwa na jozi 3 tu za miguu. Kila anapojivua gamba, pingili na miguu huongezeka. Wakati huo mwili ni laini, kwa hivyo hujificha ndani ya udongo. Katika aina nyingi, akifikisha pingili 20 amekomaa na hajivui tena: jike huwa na miguu 62, na dume 60, kwa kuwa jozi moja ya dume imegeuka kuwa kiungo cha kupandia.

Ngozi yake haizuii maji kupotea, ndiyo maana huonekana wakati wa mvua na hujificha chini ya magogo na majani wakati wa kiangazi. Humo ndimo anamofanya kazi yake. Hutafuna majani yaliyokufa na kuyavunjavunja, kisha bakteria na kuvu humalizia kinyesi chake, na rutuba ikarudi udongoni. Mkulima anayechoma majani yote shambani humnyima jongoo chakula na makao, halafu hulazimika kununua mbolea.

Wapo wakulima wanaolalamika kwamba majongoo hutoboa viazi vitamu na karanga. Hilo hutokea, lakini wanaojulikana zaidi kwa uharibifu huo ni majongoo wa mviringo. Kunyunyizia dawa kila jongoo anayeonekana ni kuua pia wasiohusika.

Hata hivyo, jongoo bapa si wa kuchezewa. Akisumbuliwa, tezi za pembeni mwake huchanganya kemikali na kutoa sianidi, sumu ileile inayopatikana kwenye muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri. Harufu yake hufanana na ya lozi. Kiasi anachotoa jongoo mmoja ni kidogo kwa mtu, lakini majimaji yake huwasha ngozi na macho. Wahenga waliosema mtupa jongoo hutupa na mti wake walikuwa angalau wametumia mti.

Wazazi wanashauriwa kuwakataza watoto kumshika kwa mkono mtupu au kumtia mdomoni. Aliyemgusa anawe kwa maji na sabuni kabla ya kujipangusa uso. Majimaji yakiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi mengi, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Jongoo akiingia nyumbani, asukumwe kwa ufagio hadi kwenye kizoleo na kurudishwa penye majani, mbali na mlango.