Tuzibe Nyufa, Tuepuke Homa ya Papasi

Leo tujifunze jinsi nyumba inavyoweza kuleta ugonjwa.

Huko Dodoma wazee walijenga tembe. Kuta zake ni za miti na udongo, na paa pia ni la udongo. Ndani mna giza, na sakafu hupasuka. Papasi hupenda kukaa humo.

Papasi ni mdudu anayefanana na kupe. Mchana hujificha katika nyufa. Usiku hutoka, hunyonya damu ya mtu aliyelala, kisha hurudi kujificha. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula.

Papasi huleta homa inayopoa, halafu inarudi tena. Mama mjamzito akiipata, mimba yaweza kuharibika. Mtoto mchanga anaweza kufa. Basi mgonjwa apelekwe zahanati upesi. Dawa ipo. Lakini akipona na kurudi kulala penye nyufa, ataumwa tena. Dawa hutibu mtu, haitibu nyumba.

Tufanye nini?

1. Tukandike nyufa zote za kuta na sakafu.
2. Tulale kitandani, mbali na ukuta. Watoto nao wasilale chini.
3. Tuweke dirisha lenye wavu, mwanga uingie, mbu wasiingie.

Wengine watasema saruji ni ghali. Ni kweli. Lakini udongo si tunao? Tuanze na huo.

Maswali ya kuzungumza
1. Kwa nini dawa peke yake haitoshi?
2. Nyumbani kwako nyufa ziko wapi? Nani ataziziba, na lini?