Karata, Gofu na Mtoto Mchanga: Mbinu kwa Baba Mpya wa Baray

Mtoto akizaliwa, marafiki huja na sabuni, sukari na pongezi. Wiki haijaisha, swali linafuata: "Jumapili tunakuona?" Kwa wengine Jumapili ni karata za fedha nyuma ya duka, iwe poka au mchezo mwingine. Kwa wengine ni drafti au mpira wa jioni, na wachache wenye kazi za hoteli na utalii huwa na gofu. Baba mpya hubaki njia panda. Wako wanaowakata marafiki kabisa, kisha wanakaa nyumbani wamenuna. Wako wanaoendelea na ratiba ileile kana kwamba hakuna aliyezaliwa. Naamini hakuna haja ya kufika huko. Mchezo una nafasi yake katika maisha ya baba, mradi nafasi hiyo ipangwe na watu wawili, mapema na kwa uwazi.

Watu wa bonde la Eyasi hawahitaji kufundishwa kupanga. Anayelima vitunguu Baray au Mang'ola hafungulii maji anapojisikia. Kuna zamu. Saa ikifika, hata iwe usiku wa manane, unachukua jembe na tochi, unageuza mfereji maji yaingie kwenye majaruba yako. Saa ikiisha unafunga, hata kama jaruba la mwisho halijalowa, kwa sababu mwenzako amesimama ukingoni anasubiri. Muda wa nyumba yenye mtoto mchanga ugawe hivyohivyo. Keti na mama mtoto mkiwa mmetulia, wala usingoje mpaka umeshavaa viatu vya kutoka. Mkubaliane siku, saa ya kwenda na saa ya kurudi. "Nitarudi baadaye" hiyo si saa. Sema: saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni. Ukiona utachelewa, piga simu kabla ya saa kumi na mbili, usipige baada yake.

Na zamu ya mama itangulie yako. Hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu: baba anaomba saa tatu za karata, mama haombi kitu, basi tunadhani hahitaji. Muulize. Huenda anataka kwenda ibadani bila mtoto mgongoni, kusukwa nywele, au kulala tu mchana bila kuamshwa. Akishapata saa zake, na wewe ukakaa na mtoto kweli bila kumkabidhi kwa bibi dakika ileile, saa zako hazitakuwa na ugomvi.

Wiki sita za kwanza ni suala jingine, na hapo siwezi kulegeza. Mama bado anatoka damu, pengine ana mshono, na mtoto ananyonya kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani, na ndio utakaousikia kliniki, ni maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, hata maji asipewe. Huwezi kunyonyesha, lakini kazi nyingine zote unaziweza: kuchota maji, kupika uji, kufua nepi, kumbeba mtoto begani mpaka acheue, kumpokea alfajiri ili mama apate usingizi wa saa mbili mfululizo. Watakaokucheka wakikuona na beseni la nepi waache wacheke. Katika kipindi hiki marafiki ndio waje kwako. Drafti inachezeka chini ya mti wa nyumbani, na mtoto anaweza kuwa mapajani mwako wakati unafikiria kete.

Ukaribu huo na mtoto una kazi hata ndani ya mwili wa baba. Mwaka 2009 jarida la Royal Society la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika hapahapa kwenye bonde la Ziwa Eyasi. Watafiti waliwapima wanaume wa Kihadzabe na wa Kidatoga. Kwa Wahadzabe, ambao baba hukaa na kumbeba mtoto mchanga sana, wenye watoto walikuwa na homoni ya testosteroni kidogo kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao kwa desturi malezi ya mtoto mchanga ni ya akina mama, tofauti hiyo haikuonekana. Miaka miwili baadaye, utafiti wa Cebu nchini Ufilipino uliowafuatilia wanaume kwa miaka kadhaa ulionyesha kwamba homoni hiyo hushuka mwanamume anapokuwa baba, na huwa chini zaidi kwa wanaotumia saa nyingi kumlea mtoto. Hayo hayampunguzii mtu uanaume. Yanaonyesha kwamba mwili wa baba nao umeumbwa uwe tayari kwa malezi.

Sasa karata. Kamari kando ya Ziwa Eyasi haikuletwa na poka. Wanaume wa Kihadzabe wana mchezo wao, lukuchuko: vipande vya magome ya mti hurushwa vikagonga shina, na namna vinavyoanguka ndiyo huamua mshindi. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1982 jinsi mchezo huo unavyozungusha mali kutoka mkono hadi mkono: mishale ya sumu, visu, shanga, nguo. Lakini alieleza pia kwamba kuna vitu haviwekwi mchezoni. Upinde wa mtu hauchezewi, mishale yake ya kawaida isiyo na sumu haichezewi, wala mkoba wake wa ngozi. Aliyepoteza kila kitu leo ana uwezo wa kuwinda kesho.

Sijui kanuni bora kuliko hiyo kwa baba mwenye mtoto mchanga. Kabla hujashika karata, taja upinde wako ni nini. Kwa mkulima wa vitunguu ni fedha ya mbegu, mbolea na mafuta ya pampu. Kwa kila baba ni fedha ya chakula na nauli ya bodaboda ya kumkimbiza mtoto zahanati usiku. Vitu hivyo vitoke mikononi mwako kabisa siku ya mchezo. Mkabidhi mama mtoto, au viweke kwenye simu yake. Wewe toka na noti mlizokubaliana, na salio la simu yako lisiwe na kitu cha kukushawishi, kwa maana mezani hakuna jambo jepesi kama kutuma fedha kwa namba ya siri. Noti zikiisha, simama uage. Usikope mezani, usiweke simu rehani, usiongeze raundi ya "kurudisha changu". Ukirudi, sema ukweli umeshinda au umeliwa kiasi gani. Nyumba nyingi huvunjwa zaidi na uongo wa elfu kumi kuliko elfu kumi yenyewe.

Kubeti kwenye simu nakushauri ukuache kabisa mwaka huu wa kwanza. Karata zina mwisho: watu wanatawanyika, mnaagana. Mkeka wa kubeti haulali. Unaweza kuwa umempakata mtoto huku macho yako yapo kwenye mechi ya Ulaya, na wewe uliyepo nyumbani ukawa hupo.

Mwenye gofu ana tatizo la umbali. Viwanja vya kuendea ni vya Arusha, Gymkhana mjini au Kili Golf upande wa Usa River. Mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi, na bado hujahesabu barabara ya kupanda kutoka bondeni hadi Karatu, kisha Makuyuni, kisha Arusha. Siku nzima imekwenda. Kwa hiyo usiivishe siku hiyo nguo ya safari ya kikazi. Iite gofu, na mlipe mama siku nzima kama hiyo. Waambie wenzako mcheze mashimo tisa. Kabla ya kuondoka, maji yawe yamejaa, kuni zipo, na mtu mzima mwingine awepo nyumbani, bibi au shangazi. Mwezi mtoto anapoumwa au wa kupandikiza vitunguu, gofu isubiri. Rafiki wa kweli hatakasirika.

Kuna jambo dogo la mlangoni ambalo naliona kubwa. Usimpakate mtoto ukiwa umetoka moja kwa moja kwenye mchezo au shambani. Kwenye karata mara nyingi kuna sigara, na moshi hubaki kwenye shati. Shambani kuna bomba la kupulizia dawa, na dawa ya wadudu hubaki kwenye mikono, nywele na suruali. Oga kwa sabuni, badilisha nguo, ndipo umchukue. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, mbali na nepi. Na kama umekunywa pombe, usilale kitanda kimoja na mtoto usiku huo, kwa sababu unaweza kumlalia usijue.

Kadi ya kliniki nayo isomwe na baba. Chanjo baada ya zile za kuzaliwa zipo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Ziandike ukutani kabla hujaandika ratiba ya bonanza au gofu, na siku hizo uende wewe pamoja na mama. Zijue pia dalili ambazo zikitokea unaacha karata mezani hata kama mkono wako ni mzuri kiasi gani: mtoto amekataa kunyonya, ana joto kali au mwili wa baridi, anapumua kwa haraka au kwa shida, amepata degedege, kitovu kinatoa usaha. Ndiyo maana simu ya baba aliyeko mchezoni iwe na chaji na mlio uwe juu. Wenzako waambie mapema kwamba ukipigiwa unaondoka, ili usianze kujieleza wakati huo.

Kama umeajiriwa, kwenye hoteli ya kitalii, shuleni au kwenye mashamba ya Karatu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya baba isiyopungua siku 3, yenye malipo, mradi uichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mwambie mwajiri wako mapema, kabla mama hajajifungua, na siku hizo zote zitumie nyumbani.