Jiwe la Misri Mezani Kwangu: Je, Ni Halali Kukusanya Vitu vya Kale?



Likizo iliyopita binamu yangu anayesoma Cairo alirudi kwetu Gisenyi na zawadi: jiwe dogo la kijani lenye umbo la dundu, la aina ambayo Wamisri wa kale waliizika pamoja na maiti zao. Alilinunua kwa siri, kwa mtu aliyemwapia kwamba ni la kweli, si la kuuzia watalii. Anajua ninavyopenda historia, basi akaahidi kila likizo kuniletea kimoja hadi nipate mkusanyiko wangu.

Nilifurahi sana. Lakini baba alipoliona aliniuliza: “Wewe unayesoma dini, hili ni halali yako?” Sikuwa na jibu, nikaenda kulitafuta.

Hoja ya rikazi

Nilianza na hoja ya kujitetea. Mali iliyozikwa na watu wa zama za jahilia huitwa rikazi. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inafundisha kwamba rikazi hutolewa khumsi, yaani moja ya tano. Kinachobaki ni cha aliyeipata. Nikajiambia: Firauni hana mrithi, kwa hiyo jiwe ni la aliyelichimba, naye ameliuza.

Hoja hii ina kasoro mbili. Kwanza, mafaqihi waliangalia mali imepatikana katika ardhi ya nani. Ardhi isiyo na mwenyewe si sawa na ardhi ya watu. Pili, kiongozi ana haki ya kuwekea mpaka jambo la mubaha kwa maslahi ya umma. Misri ilifanya hivyo kwa Sheria namba 117 ya mwaka 1983: vitu vya kale ni mali ya umma na biashara yake imekatazwa. Dar al-Ifta ya Misri nayo imefutu kwamba kuvichimba na kuviuza kinyume cha sheria ni haramu.

Vipo vilivyotoka Misri kihalali kabla ya hapo, vikiwa na hati. Lakini anayekuuzia kwa siri, bila hati, ana hali mbili tu. Kama kitu ni cha kweli, anauza mali ya wizi. Kama ni cha bandia, anauza uongo. Sikuona hali ya tatu.

Mfano wa karibu: vigango

Asiyeona uzito wa hilo kwa sababu Misri ni mbali, atazame pwani ya Kenya. Wamijikenda huchonga nguzo za mbao ziitwazo vigango na kuzisimamisha kwa kumbukumbu ya wazee wao waliofariki. Kigango hakihamishwi. Hata hivyo vingi viliibwa, vikauzwa kwa wafanyabiashara kwa bei ndogo, kisha vikafika kwa wakusanyaji wa Marekani kwa maelfu ya dola.

Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Miaka mingi ikapita, kimoja kikaonekana katika makumbusho ya jimbo la Illinois, kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton. Familia ilivipokea mwaka 2007. Makumbusho ya Denver nayo yalitangaza mwaka 2014 kurudisha vigango 30, vikafika Kenya mwaka 2019.

Sisi hatuna itikadi ya vigango. Lakini dhuluma ni dhuluma, hata anayedhulumiwa akiwa si Mwislamu. Na waliokusanya wengi wao hawakuiba kwa mikono yao. Walinunua tu, kama binamu yangu.

Hirizi na ibra

Liko jambo jingine. Dundu hilo lilikuwa hirizi. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza masanamu mwaka wa kufunguliwa Makka, na sisi tunaowaonya watu wetu kuhusu hirizi za leo hatuwezi kutoa fedha kwa hirizi za juzi.

Hii si kusema tuvichukie vitu vya kale. Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotangulia. Na Mtume (s.a.w.) alipopita Hijr, makazi ya Thamud, akielekea Tabuk, aliwaambia masahaba wasiingie ila wakilia. Mahali pale palikuwa pa mazingatio. Jiwe likitolewa kaburini likawekwa mezani kwangu, linabaki pambo la kuwaonyesha wageni.

Nilichoamua

Toba ya mali ya watu haikamiliki bila kuirudisha. Nimemwambia binamu tulipeleke jiwe ubalozi wa Misri, Kigali. Alinyamaza siku mbili. Anaogopa kuulizwa alilipata wapi, naye bado ana miaka miwili ya masomo. Sikumlaumu. Nilimwambia nitakwenda naye na nitasema ukweli kwamba nililipokea kwa furaha. Jana usiku amekubali.

Anayetaka kukusanya, akusanye kilicho halali: sarafu zenye hati, picha za wazee, barua za kale za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa idhini ya wenyewe.

Ya kujadili katika darasa

1. Je, mnunuzi asiyejua kuwa kitu ni cha wizi ana dhambi? Akishajua, afanye nini?
2. Vinyago vinavyovuka mpaka kutoka Goma na kuuzwa hapa kwetu: tuulize nini kabla ya kununua?

Wabillahi tawfiq.