Utomvu wa Mpapai na Kimelea cha Malaria

Wapishi wengi huifunga nyama ngumu kwa majani ya mpapai, au huipaka utomvu wa papai bichi, kabla ya kuibandika jikoni. Nyama hiyo huiva upesi. Katika somo hili utachunguza sababu yake, kisha utaona jinsi sababu hiyo hiyo inavyowasaidia wanasayansi wanaotafuta dawa mpya za malaria.

Jaribio

Pata vikombe vitatu na vipande vitatu vya nyama ya ng'ombe, vyembamba na vya ukubwa mmoja. Mwalimu wako atachanja papai bichi kwa kisu na kuukinga utomvu wake mweupe. Usiuguse kwa mkono mtupu, kwani huwasha ngozi na ni hatari kwa macho. Utomvu huo uchanganywe na maji kidogo, kisha nusu yake ichemshwe kwa nusu saa na kuachwa ipoe. Tia kipande cha kwanza katika maji matupu, cha pili katika maji yenye utomvu, na cha tatu katika maji yenye utomvu uliochemshwa. Viache tangu asubuhi hadi saa nane mchana, halafu uvibonyeze kwa kijiti. Kipi kimelainika zaidi? Andika jibu katika daftari lako. Nyama hiyo isiliwe.

Katika utomvu wa papai mna kimeng'enya kiitwacho papeini, ambacho kazi yake ni kukatakata protini. Kukichemsha sana hukiharibu, ndiyo maana kipande cha tatu hakikulegea kama cha pili. Na kipande cha kwanza kilikuwa na faida gani? Hicho ni cha kulinganishia. Bila hicho usingeweza kujua kama nyama imelainishwa na utomvu au na maji tu. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia.

Sasa tuingie ndani ya damu. Kimelea kinachosababisha sehemu kubwa ya malaria nchini Tanzania, Plasmodium falciparum, huletwa na mbu aina ya anofelesi. Baada ya kupita katika ini huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kukaa humo kwa muda wa saa 48 hivi, kikila na kuzaana. Chakula chake ni himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Ili kuisaga, kimelea hutumia vimeng'enya kadhaa, na baadhi yake huitwa falsipeini. Hapa ndipo mpapai unapotufaa: falsipeini na papeini ni ndugu wa ukoo mmoja, na hufanya kazi kwa namna moja.

Huenda umewahi kumwona ng'ombe aliyekwamwa na gunzi la muhindi. Majani yako mbele yake, njaa anayo, lakini hawezi kumeza. Kitu kinachokwama katika kimeng'enya na kukizuia kufanya kazi huitwa kizuizi cha kimeng'enya. Watafiti walipoweka kizuizi cha falsipeini katika vimelea, waliona kwa hadubini kwamba kifuko cha chakula cha kimelea kimevimba kwa himoglobini isiyosagwa.

Mimea mingi ina vizuizi vya namna hiyo, ambavyo huilinda isiliwe na wadudu. Mtafiti hukamua mmea, akatia maji yake katika neli yenye kimeng'enya pamoja na kipande cha protini kinachotoa mwanga kinapokatwa. Mwanga usipoonekana, huenda amepata kizuizi. Neli nyingine, isiyotiwa mmea, huwekwa kando. Bila shaka umekwisha kutambua kazi yake.

Lakini neli si mwili wa mtu. Mmea uliofaulu hujaribiwa tena juu ya vimelea hai vinavyofugwa katika damu ya binadamu ndani ya vyombo, ufundi uliotangazwa huko Marekani mwaka 1976. Kisha hutazamwa kama hauwadhuru watu, kwani miili yetu nayo ina vimeng'enya vya ukoo wa papeini. Hufuata wanyama, hasa panya, na mwisho watu wachache waliokubali kwa hiari. Wengi wa mimea huishia njiani. Hadi sasa hakuna dawa inayotolewa hospitalini ambayo inazuia falsipeini.

Hata hivyo njia yenyewe si ya bure. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini na kuanza kutumia SP, dawa ya viwandani inayozuia vimeng'enya viwili vingine vya kimelea. Vimeng'enya hivyo vikabadilika umbo kidogo kidogo, dawa ikashindwa kuvishika vizuri, na mwaka 2006 nchi ikaanza kutumia dawa mseto. SP bado hupewa wajawazito kama kinga.

Tuseme mtoto wa Mbalibali, mkoani Mara, ameshikwa na homa, na uani kuna mwarobaini. Je, uchungu wa majani yake ni ushahidi kwamba yataponya? La. Ni kweli kwamba mwarobaini umeonekana kuua vimelea katika vyombo vya maabara, lakini kikombe kilichochemshwa nyumbani hakina kipimo kinachojulikana, na malaria kali huweza kumwua mtoto mdogo katika siku chache. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu. Akikutwa na malaria, huenda akapewa dawa mseto, ambayo sehemu yake moja asili yake ni mmea. Kundi la Tu Youyou wa China liliipata artemisinini katika pakanga mwaka 1972, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Maswali

1. Kwa nini vipande vya nyama vilipaswa kuwa vya ukubwa mmoja?
2. Mganga mmoja aliwapa dawa ya mizizi watu kumi wenye homa, na saba wakapona. Je, tumejua kwamba dawa yake inaponya? Ni jambo gani halikufanywa?
3. Eleza kwa nini kizuizi kinachofaa katika neli kinaweza kumdhuru mgonjwa.