MWAROBAINI: JINA LAKE NA MATUMIZI YAKE



Pwani hata bara, mwarobaini umepandwa shuleni, makanisani, sokoni na majumbani. Watu hupumzika kivulini pake, na wengi huchuma majani yake kwa dawa. Mwezi huu tujifunze jina lake limetoka wapi. Sisi wauguzi tunaona umuhimu wa somo hili, kwa kuwa wapo wagonjwa wanaoletwa wamechelewa, wakiwa wameliamini jina kuliko vipimo.

1. Jina la Kiswahili

Neno arobaini tumelipata kutoka Kiarabu. Watu husema mti huu unatibu magonjwa arobaini, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Lakini tuangalie jinsi tunavyoitumia hesabu hiyo. Tunasema siku za mwizi ni arobaini, wala hatumsubiri mwizi mpaka siku ya 40 kamili. Mama aliyejifungua hukaa arobaini yake, na wafiwa husoma arobaini ya marehemu. Katika Maandiko Matakatifu mvua ya gharika ilinyesha siku 40, na Yesu alifunga siku 40. Arobaini ni hesabu ya jambo lililotimia. Basi jina mwarobaini ni sifa ya mti wenye manufaa mengi. Si orodha ya magonjwa, wala si cheti cha daktari.

2. Majina mengine

Asili ya mti huu ni India na nchi jirani. Wahindi huuita nim, jina litokalo katika Kisanskriti, nimba. Kwetu wengine huuita mkilifi. Wataalamu huuita Azadirachta indica. Neno la kwanza limetoka Kiajemi, azad dirakht, yaani mti huru au mti bora. La pili maana yake ni "wa India".

Hapa tuwe waangalifu. Jina hilohilo la Kiajemi limepewa pia ndugu yake, Melia azedarach, ambao wengi huuita mmelia. Miti hii hufanana, lakini matunda ya mmelia ni sumu. Tuitofautishe hivi: maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana rangi ya zambarau. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja chenye vijani pande mbili. La mmelia hugawanyika tena katika vikonyo vidogo. Tuwakataze watoto kuchezea na kula matunda hayo.

3. Manufaa yake ya kweli

Mwaka 1959, huko Sudan, mtaalamu Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wamekula mimea yote na kuuacha mwarobaini. Baadaye, mwaka 1968, wataalamu walitenga kutoka katika mbegu zake kitu kinachozuia wadudu kula, wakakiita azadirachtin. Leo mbegu hizo hutengenezewa dawa ya kulinda mazao. Vijiti vyake hutumika kama mswaki.

4. Hatari zake

Mafuta ya mbegu za mwarobaini asinyweshwe mtoto kamwe. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wadogo 13 waliopewa mafuta hayo: walitapika, wakasinzia, wakapata degedege. Mama mjamzito naye asinywe dawa ya mti huu, kwa sababu majaribio kwa wanyama yameonyesha kuwa inaweza kuharibu mimba.

Je, malaria? Mchemsho wa majani haujathibitishwa kuitibu. Wengine hudhani hospitali inadharau mitishamba. Sivyo. Dawa mseto tunayotoa ina dawa ya asili ya mmea wa China uitwao Artemisia. Tofauti ni kwamba dawa hiyo ilitolewa katika mmea, ikapimwa, ikajaribiwa, na kiasi chake kinajulikana kwa kila uzito wa mtu. Kikombe cha majani yaliyochemshwa hakina kipimo. Na wakati mtoto anakunywa uchungu huo kwa siku tatu, vijidudu vya malaria vinaongezeka katika damu yake.

5. Tukumbuke

Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi, isizidi hapo. Asicheleweshwe hata saa moja, hata usiku, akiwa na mojawapo ya dalili hizi:
- anapata degedege;
- hawezi kunyonya wala kunywa;
- anatapika kila kitu;
- amelegea au hazinduki;
- anapumua kwa shida.

Kama amekwisha kunyweshwa mitishamba, mwambieni mhudumu bila kuficha. Hatuulizi ili tuwagombeze. Tunauliza ili tujue la kufanya.

Maswali ya kujadili

1. Katika lugha ya kwenu mwarobaini unaitwaje, na jina hilo lina maana gani?
2. Karibu na nyumba yenu kuna mmelia? Watoto wanaujua?
3. Mtoto akishikwa na homa usiku, ni nani kwenu anayeamua aende hospitali, na nauli itatoka wapi?

Tuupande mwarobaini na tuutunze. Lakini homa ya mtoto tuipeleke kwenye vipimo.