MGONJWA NA TABIBU WAKE
Somo la kushauriana juu ya tiba ya saratani ya tezi dume

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi na akateremsha dawa yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad.

Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.) ya kuwa watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Kisha akaota, akapata janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia kuwa hawamwonei ruhusa, maadamu maji anayaweza. Akaoga, akafa. Khabari zilipomfika Mtume (S.A.W.) alisema kuwa wao ndio waliomuua, na kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Basi na atazame msomaji. Hukumu waliyoitaja haikuwa ya uwongo, kwani mwenye janaba huoga. Kosa lao ni kuichukua hukumu ya mtu mzima wakamvika mwenye jeraha, wala wasiulize. Na makosa haya mawili, kutouliza na kutompima mtu kwa hali yake, ndiyo yawaangamizayo wengi katika wagonjwa wa saratani.

FASILI YA KWANZA: Ugonjwa wenyewe

Tezi dume ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mkojo, na wanaume peke yao ndio walio nayo. Saratani yake ni ya mbele katika saratani ziwashikazo wanaume wa Tanzania, na huwajia zaidi waliopita miaka 50. Mwanzo wake huenda isiwe na alama. Baadaye mkojo huwa mgumu kutoka, na mtu huamka mara nyingi usiku. Lakini alama hizi huletwa pia na uvimbe wa tezi usio saratani, basi mtu asijihukumu mwenyewe, wala asiseme "ni uzee" akanyamaza.

Tabibu hupima kwa damu, kipimo kiitwacho PSA. Na kwa kidole katika njia ya nyuma. Na akishuku hutwaa vipande vidogo vya nyama ya tezi vikatazamwe. Wengi huikimbia njia ya kidole kwa haya. Na haya ni katika imani, lakini wanazuoni wameruhusu uchi kutazamwa kwa haja ya tiba, kwa kadiri ya haja bila kuzidi. Na aliyefunga ajue kuwa katika madhhebu ya Imam Shafi'i kitu kiingiacho kwa njia hiyo hufunguza. Basi na apimwe usiku, na kama haikuwezekana, ailipe siku hiyo.

FASILI YA PILI: Ya kuwa tiba si moja kwa watu wote

Na ipigwe mithali ya watu watatu wenye ugonjwa huu mmoja.

Bakari ana miaka 80, na saratani yake ni ndogo, ya mwendo wa pole. Tabibu huenda akamwambia asipewe dawa kwa sasa, bali aangaliwe na kupimwa mara kwa mara, kwa kuwa madhara ya tiba yaweza kuzidi madhara ya ugonjwa. Huku si kutupwa. Huko ndiko kutibiwa kwake.

Amri ana miaka 60, akaa Dar es Salaam, na saratani yake haijatoka nje ya tezi. Huyu hutafutiwa kuponywa, ama kwa kupasuliwa, ama kwa mionzi. Mionzi hutolewa siku 5 katika kila juma, kwa majuma kadhaa. Na kwa Amri hospitali ya Ocean Road, iliyofanywa Taasisi ya Saratani mwaka 1996, ni mwendo wa basi.

Zaidi ana miaka 65, mtu wa pwani afanyaye biashara Tlawi, katika milima ya Mbulu, mkoa wa Manyara. Alikawia, na saratani imekwisha kuingia katika mifupa. Hospitali kubwa iliyo katika nchi ile ni Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955. Kwa jambo zito zaidi huenda KCMC mjini Moshi, au Dar es Salaam, safari ya siku nzima au kupita. Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume itengenezwayo zaidi na mapumbu. Jambo hili lilidhihirishwa mwaka 1941 na matabibu wa Chicago, Charles Huggins na Clarence Hodges, na Huggins akapata tunzo ya Nobel mwaka 1966. Basi tiba ya Zaidi ni kukata chakula hicho, na njia zake ni mbili: sindano kila baada ya mwezi au miezi mitatu, maisha yake yote, au kutolewa mapumbu mara moja. Sindano yataka fedha na safari zisizokatika. Kupasuliwa ni mara moja, lakini hakurudi nyuma. Njia zote mbili hudhoofisha hamu ya ndoa na nguvu ya mifupa.

Ugonjwa ni mmoja, na tiba ni tatu. Amchukuliaye Zaidi dawa ya Amri amefanya walivyofanya wale wasafiri.

FASILI YA TATU: Masuala

Suali: Si haramu mtu kukhasiwa?
Jawabu: Ni haramu pasipo dharura. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas (R.A.) ya kuwa Mtume (S.A.W.) alimkataza Uthman bin Madh'un kujitenga na wake kwa ajili ya ibada, na lau angalimruhusu, wao wangalijikhasi. Lakini hapo ni mtu mzima auharibuye mwili wake. Mgonjwa huutoa mkono uliooza ili aokoke, na hili ni la mlango huo, akithibitisha tabibu mjuzi, na mwenyewe akiridhia. Wako walioondoka hospitali waliposikia neno hili, wakarudi wamebebwa, uti wa mgongo umebonyea na miguu haina nguvu.

Suali: Tabibu asiye Mwislamu asadikiwe?
Jawabu: Mtume (S.A.W.) katika Hijra alimwajiri Abdullahi bin Uraiqit awe kiongozi wa njia, naye hakuwa Mwislamu, kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu katika kazi yake. Na njia ya tiba ni kama njia ya jangwa.

Suali: Asiyeweza kuuzuia mkojo baada ya tiba ataswali vipi?
Jawabu: Ataosha, atajifunga kitambaa, atatawadha baada ya wakati kuingia, na ataswali pasipo kukawia. Kila faradhi kwa udhu wake.

FASILI YA NNE: Adabu za kikao

Mgonjwa asiende peke yake. Aende na mwanawe au ndugu yake, kwani mwenye khofu husikia nusu. Na aulize haya: Ugonjwa una daraja gani, na umefika wapi? Tiba hii ni ya kuponya au ya kupunguza maumivu? Njia nyingine ni zipi? Madhara yake ni yapi? Nikingoja itakuwaje? Gharama yake ni ngapi?

Naye amweleze tabibu asiyoyajua: maradhi mengine aliyo nayo, kama kisukari; dawa za miti shamba anywazo, wala asizifiche; saumu yake; umbali wa nyumba yake; na kipato chake. Na mkewe ashirikishwe kabla ya kukata shauri, kwani ana haki katika jambo hili. Kisha aandike wasia na madeni yake, na hilo ni sunna hata kwa mzima.

Na kujitibu katika madhhebu ya Shafi'i ni sunna, wala hakupingani na kutawakali. Mgonjwa huuliza, hupima, hushauriana, kisha huazimia. Na shifaa ni ya Mwenyezi Mungu.

Wallahu a'alam.