Kiraka Kisichofichwa

Wengi wetu tukitia nguo kiraka tunatafuta uzi wa rangi ileile ili watu wasione. Katika somo hili tutajifunza njia ya Wajapani, ambapo kiraka huachwa kionekane na kipendeze. Inafaa nguo za kazi za zamani: ovaroli, jaketi na suruali za jinzi, zile ambazo sokoni huuzwa bei ya chini kwa sababu goti au kiwiko kimetoboka.

Ushonaji huu huitwa sashiko, yaani michomo midogo. Ulikuzwa na shida. Huko Aomori, kaskazini mwa Japani, baridi ni kali na pamba haikui. Wakati wa utawala wa Edo (1603 hadi 1868) watawala wa Tsugaru waliwakataza wakulima kuvaa nguo za pamba, wakabaki na kitambaa cha nyuzi za mimea kinachopitisha upepo. Akina mama wakajaza uzi katika kitambaa hicho kuzuia baridi. Matambara ya pamba yaliletwa kwa meli kutoka upande wa Osaka (hao nao walikuwa na mitumba yao!) na kila kipande kilishonewa juu ya kingine. Baadaye watu waliziona nguo hizo ni aibu. Mkusanyaji mmoja, Tanaka Chuzaburo, alizunguka vijijini akiziokoa, na kuanzia 2009 hadi 2019 zilionyeshwa katika jumba la makumbusho mjini Tokyo.

Sasa tushike sindano. Kwanza fua nguo, pia kitambaa cha kiraka, ikauke kabisa. Kiraka kisiwe kizito kuliko nguo yenyewe, la sivyo kitairarua. Kikate kipite tobo vidole viwili kila upande, kwa sababu kitambaa kilicho karibu na tobo nacho kimechoka. Kiweke upande wa ndani, ukishikize kwa mishono mirefu utakayoitoa baadaye. Kisha chora mistari kwa rula na kipande cha sabuni kikavu, nafasi ya nusu sentimita hivi.

Tumia uzi wa pamba ulio mnene kiasi. Wa nailoni hukata kitambaa kikuukuu. Weupe juu ya buluu ndio mtindo wenyewe, maana nguo za wakulima wale zilitiwa rangi ya nili. Kama uzi ni mwekundu, ulowanishe na uufinye kwenye kitambaa cheupe uone kama unachuja.

Piga mshono wa kawaida wa kupita juu na chini, kila mchomo kama punje ya mchele. Ukimaliza mstari, nyoosha kitambaa kwa vidole, na pale unapogeuka kuanza mstari mwingine acha uzi ulegee kidogo. Hapa ndipo wengi huharibu: wanavuta sana, nguo ikifuliwa inajikunja kama karatasi. Anza na mistari iliyonyooka tu. Ukiizoea, pitisha mingine ya kuikata, upate misalaba midogo.

Kuhusu kuuza, vikundi vifanye hesabu mapema. Tuseme jaketi mmenunua shilingi 300, uzi 80, mkaliuza 600. Zimebaki 220. Kama mshonaji alitumia saa 8, amepata shilingi 27 na senti 50 kwa saa, na nauli bado. Kazi hii ni ya polepole, haishindani na cherehani. Mimi naona ni heri kuanza na nguo zenu wenyewe, na za kuuza mshone goti moja au mfuko mmoja tu, si jaketi zima.

Zoezi: mkutano ujao kila mwanachama alete nguo moja iliyotoboka nyumbani kwake. Mweka hazina aandike saa ambayo kila mmoja ameanza na saa aliyomaliza. Kisha kikundi kijadili: mmoja wetu angekubali kulipwa kiasi gani kwa saa hizo?